Jina la mdogo wangu linafunga magoli, mwenyewe kazuiliwa nyumbani

BARZA YA AMI

Assalamu alaykum Ami,

Mimi ni kijana wa miaka 17, nipo fom foo skuli moja huku Pemba. Naomba usitaje jina langu wala la skuli wala la kijiji, mana huku kwetu ukitaja mti tu watu washajua shamba la nani. Mie ndo kepteni wa timu ya mpira ya skuli na ndo golikipa, naomba uisome barua yangu mpaka mwisho hata kama ndefu, sina wa kumwambia.

Mwaka huu timu yetu imekaa vizuri. Tangu nianze fom wani hatujawahi kufika popote kwenye mashindano ya skuli, mara tunafungwa mapema, mara hatuna nauli ya kwendea mechi, lakini safari hii tulianza wenyewe watoto wa skuli tu tukashinda mbili tukatoka sare moja, watu wakaanza kuja mazoezini kutuangalia. Halafu kabla ya robo fainali namba tisa wetu akateguka mguu. Maalim wa michezo akaniita nyuma ya stoo ya mipira akanambia kepteni, kuna kaka mmoja wa timu ya mtaani namleta, yule ana miaka 21, skuli kaacha zamani fom tuu. Akasema skuli zote zinaleta mamluki tusijifanye sisi ndo malaika. Nikamuuliza ataandikwa vipi, akasema atatumia jina la mdogo wangu.

Mdogo wangu yupo fom tuu, yupo kwenye timu, mazoezi hakosi hata siku ya mvua ila hajapata kucheza mechi, anakaa benchi. Maalim akasema huyu hachezi hivo jina lake linakaa bure, na sura kwa mbali wanafanana. Mie nikanyamaza tu.

Basi robo fainali yule kaka kavaa jezi ya mdogo wangu akafunga mawili. Nusu fainali kafunga jengine la kichwa dakika za mwisho, na kadi ya njano akapewa. Ami mie niko golini naskia uwanja mzima wanaimba jina la mdogo wangu, jina alilolichagua mama, na mwenyewe maalim kamkataza asionekane kiwanjani kabisa mana kuna watoto wa skuli nyengine wanamjua. Siku za mechi anabaki nyumbani peke yake.

Baba hafatilii mpira, kutwa yuko shamba, khasa sasa hivi msimu wa karafuu. Siku ile ya pili baada ya nusu fainali kaenda kituoni kuuza karafuu, mzee mmoja wa kijiji cha mbali akampa mkono, hongera bwana, mwanao mdogo katupigia goli lile. Usiku tumekaa tunachambua karafuu sote, baba kaja anacheka, kaleta halua, anasema kumbe nna mtoto anaujua mpira hivo na hamnambii. Akatoa elfu mbili akampa mdogo wangu. Mdogo wangu kaipokea, kaiweka chini ya jamvi, akaendelea kuchambua, karafuu huku makonyo (vile vikonyo vyake) huku, hajainua kichwa. Mie nikajidai nakwenda kunywa maji.

Fainali ni Jumamosi ya wiki ijayo uwanja wa Gombani. Na baba kasema siku hiyo shamba haendi, atakuja kumuangalia mwanawe.

Sasa Ami hapa ndo nilipokwama. Maalim huyu si mtu mbaya kwangu. Njumu nnazovaa kaninunulia yeye. Mwaka jana mama alipozidiwa usiku yeye ndo alotupakia kwenye vespa yake mpaka hospitali akarudi na pesa za dawa hatujamuomba. Nikisema atasimamishwa. Na wenzangu saba wako fom foo kama mie, Novemba tunafanya mtihani basi, hakuna mwaka mwengine, wanajua wote kama yule ni mamluki na wote wamenyamaza, nikisema ntakuwa msaliti maisha yangu yote kijijini. Hata yule kaka mwenyewe si mtu mbaya, anachumia watu karafuu kwa pishi, baada ya nusu fainali kanambia mwambie mdogo wako anisamehe, mie nilitaka kucheza tu. Na maalim anasema baada ya fainali watachaguliwa wa kombaini, timu ya mkoa, na jina la mdogo wangu lishatajwa. Sasa huko atakwenda nani?

Na kuna jambo sijamwambia mtu yoyote. Cheti cha kuzaliwa cha mdogo wangu ndo mie niliekitoa kwenye mkoba wa mama kabatini nikampelekea maalim. Sikumuuliza mdogo wangu wala mama. Mpaka leo hakijarudi.

Nikinyamaza silali, nikisema nimeua timu. Nifanye nini Ami.

Golikipa, Pemba

*

Waalaykum salaam kijana wangu,

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara zote tatu nimesita pale pale, kwenye ile elfu mbili iliyowekwa chini ya jamvi. Mtoto wa fom tuu anapewa pesa na baba yake kwa goli ambalo hakulifunga, haikatai na haifurahii, anaendelea na makonyo yake. Nakushukuru kwa kuliona na kuliandika, mana wengine wangekuwa pale pale jamvini na wasilione.

Wewe umeliweka suala lako hivi: niseme niue timu, au ninyamaze nisilale. Nimekuelewa. Lakini kila nikiirejea barua naona yamefungwa mambo mawili kwenye fundo moja. La kwanza ni la mpira, lina maalim, mamluki, fomu na fainali ya Gombani. La pili ni la nyumbani kwenu, lina mdogo wako, kabati la mama, na baba atakaeacha karafuu zake siku nzima aje akae jukwaani amtafute mwanawe kwa macho. La kwanza umelieleza barua nzima, la pili, lile la cheti, umelitia mwishoni kwa mistari mitatu. Sikulaumu, sote tunafanya hivo, linalotuuma zaidi tunalisema wakati tushashika kitasa cha mlango. Ila nadhani tulianze hilo, mana hilo liko mikononi mwako zaidi kuliko lile la kwanza.

Kwanza nikuulize. Kwenye barua yako yote hakuna pahala mdogo wako anazungumza. Maalim kasema, yule kaka kasema, baba kasema, mzee wa kituoni kasema. Mdogo wako hajasema neno. Wewe umeshamuuliza? Unajua kama kahamaki na wewe, au na maalim, au pengine anaona aibu tu kuwa hachezi? Anajua kama cheti umekitoa wewe? Inawezekana anajua na anakungojea umwambie, inawezekana hajui na akijua atakuudhikia sana. Zote mbili hizo ni bora kuliko ukimya uliopo sasa nyumbani kwenu. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Huyu kageuziwa, lake lipo, linaimbwa uwanja mzima, mwenyewe ndo hayupo.

Sasa neno hili la msaliti. Nataka tulitazame polepole mana naona ndo limekukaba. Msaliti wa nani? Ukisema timu, timu ni nani? Unawahesabu wale saba wa fom foo, na una haki, mwaka wao wa mwisho na wako pia. Lakini na mdogo wako ni wa timu, mazoezi ya mvua kenda. Namba tisa aloteguka ni wa timu, naye goli alilokuwa akingojea miaka minne kapewa mtu wa nje. Kwa hivo sioni upande mmoja wa timu na upande mwengine wewe peke yako, naona watoto wengi kila mmoja kanyamaza kwa sababu anadhani wenzake ndo wanaotaka kunyamaza. Pengine mmoja wao halali kama wewe. Hujui mpaka umguse.

Na hili la skuli zote zinaleta mamluki. Ni kweli neno mamluki halikuzaliwa kwenu, viwanja vya skuli vya nchi nzima vinalijua. Lakini wewe mwenyewe umeniandikia mlishinda mbili na sare moja wenyewe kwa wenyewe. Nyinyi ni skuli moja katika hizo zote, na mpaka robo fainali hamkuwa naye. Kwa hivo maneno yale yalikuwa hoja ya mtu mzima aloingiwa na khofu baada ya namba tisa kuumia, na mtu mwenye khofu husema zote.

Kuhusu maalim, sitaki nikwambie ni mtu mbaya kwa sababu siamini hivo na wewe huamini. Ile safari ya usiku kwenye vespa haifutiki. Mimi nimefundisha skuli miaka mingi na nnajua mwalimu wa michezo anavokuwa, hana bajeti, ananunua chokaa ya mistari kwa pesa yake, siku akishinda anapewa mkono na akishindwa anaulizwa. Anaweza kuwa mtu mwema na hili akawa kalikosea vibaya. Ila nakuomba ulipime kitu kimoja. Naona kama deni la zile njumu na zile dawa umelilipa siku ile nyuma ya stoo kwa kunyamaza, na siku ulipofungua kabati. Deni ni lako na mama, sawa. Jina ni la mdogo wako. Hukuwa na ruhusa ya kulilipia.

Unajua kwa nini jina nalitilia mkazo hivi. Mzee Karume alipotangaza Septemba 23, 1964 elimu iwe bila malipo, maana yake kwetu sisi watu wa chini ilikuwa jina la mtoto linaingia kwenye daftari la skuli bila baba kuulizwa ana nini mfukoni. Mpaka leo Septemba ikifika skuli zetu zinakutana viwanjani kuikumbuka siku ile. Mtoto aliemo kwenye orodha ya skuli kaingia kwa haki yake, hata akiwa wa benchi, na haki ile huwezi kuiazimisha kama jembe.

Halafu kuna mambo pengine hujayafikiria kwa sababu umezongwa. Ile kadi ya njano kaandikiwa mdogo wako. Jumamosi yule kaka akipata nyekundu, anaefungiwa kwenye karatasi ni mdogo wako. Akivunjika mguu, Mungu apishe mbali, hospitali ataandikwa kwa jina gani, na ataitwa mama wa nani? Wapinzani wakikata rufaa, jina litakalosomwa ni lile lile linaloimbwa sasa. Na mwakani mdogo wako yupo fom thrii, atataka kucheza kwa miguu yake mwenyewe, watu waloiona sura ile nyengine watamwambia wewe siye.

Tena haya yashatutokea kama nchi. Mwaka 2005 Serengeti Boys, timu ya taifa ya vijana ya Tanzania, waliondolewa kwenye fainali za Afrika za vijana chini ya miaka 17 kwa ajili ya mchezaji alozidi umri. Mwaka 2018 vijana wetu wa Zanzibar wa umri huo huo walikwenda Burundi kwenye mashindano ya CECAFA, ya Afrika Mashariki na Kati, wakatolewa kwa sababu ya umri vile vile. Sikutajii haya nikutishe. Nnachokikumbuka mimi kila nikiyafikiria ni kuwa mashindano kama yale mtoto haendi peke yake, nyuma yake kuna watu wazima wenye mihuri na fomu, lakini wanaovuliwa jezi ni watoto. Nyinyi mna miaka 15, 16, 17. Mzigo huu hamkuubuni nyinyi.

Na yule kaka wa 21, nimependa ulivomtaja. Yeye nae kapoteza kitu, magoli matatu kafunga na hakuna hata moja litakaloitwa lake. Kama mna urafiki wowote, nae ni mtu wa kuzungumza nae. Pengine yeye mwenyewe atamwambia maalim Jumamosi siji, na neno lile likitoka kwake litakuwa na uzito mwengine. Pengine pia atakasirika, mana ni kazi nyingi na furaha chache anayoipata mtu anaepanda mikarafuu ya watu. Hilo ulitegemee.

Sasa zipo njia, nitakwambia ninavoziona na miiba yake, kuchagua utachagua wewe.

Ipo ya kunyamaza mpaka fainali ipite. Inaonekana nyepesi lakini safari hii hakuna kimya tena, mana baba anakuja. Atakaa Gombani, atasikia jina la mwanawe, ataangalia kiwanjani, atamuona mtu mwengine. Atajua mbele ya watu, na atajua kuwa nyinyi wawili mlijua. Mimi ningeogopa hilo kuliko kombe.

Ipo ya kumzuia baba asije kwa kisingizio, au wewe mwenyewe ujidai unaumwa usicheze. Najua zitakupitia kichwani, kama hazijapita. Uongo ule ule unaushonea kiraka tu, na ukijitoa golini wenzako utakuwa umewaacha bila kuwaambia kwa nini.

Ipo ya kwenda kwa maalim peke yako, mapema, kabla fomu za fainali hazijapelekwa. Pale nyuma ya stoo yeye ndo alozungumza, wewe hujampa jawabu. Mpaka leo anadhani kepteni wake yuko pamoja nae. Unaweza kwenda kwa adabu zako zote, umwambie Maalim wema wako siusahau na nausema kwa watu, lakini cheti cha mdogo wangu nimekuja kukichukua, na baba anakuja Jumamosi. Huhitaji kumtisha kuwa utamshtaki. Anaweza akakuelewa, mwalimu wa namna unavomuelezea pengine na yeye anangojea mtu amwambie basi. Anaweza pia akahamaki, akakuvua ukepteni, akakukalisha benchi fainali yako ya mwisho. Hilo linaweza kutokea na litauma, sikufichi. Kama unaogopa kwenda peke yako, nenda na mmoja wa wale saba unaemuamini.

Ipo ya kumwambia baba au mama kwanza, wao ndo waende. Uzuri wake mtu mzima anazungumza na mtu mzima, na cheti ni chao. Ubaya wake wewe unamjua baba yako mimi simjui. Ikiwa ni mtu wa kwenda skuli na hasira mchana kweupe, lililokuwa lizungumzwe watu wawili litazungumzwa kijiji kizima. Mama pengine ndo mlango laini zaidi, na mkoba ulikuwa wake, kwa hivo kwake una la kuomba radhi hata kama kusingekuwa na mpira. Mficha uchi hazai, mwanangu.

Na ipo ya kwenda kwa mwalimu mkuu au kamati ya mashindano. Hii sikukatazi nayo haki yako. Ila ijue ilivo, ukishaifungua hujui itakwenda wapi, timu inaweza kutolewa mashindanoni, maalim anaweza kupoteza zaidi ya ukocha, na wale saba watajua alosema. Kuna watu wanaona hiyo ndo njia ya kwanza kwa sababu kosa ni kosa. Kuna wanaoona ni ya mwisho, pale nyengine zimeshindikana. Wewe ndo utaishi kijijini pale, upime unaweza kubeba nini.

Kuhusu fainali yenyewe, huenda bila yule kaka mkafungwa. Huenda mkafungwa nne. Najua miaka minne ya mazoezi si kitu cha kutupa kwa maneno mazuri ya mtu aliekaa kwenye kiti, kwa hivo sitakwambia eti kombe halina maana. Lina maana sana. Naomba tu ujiulize picha ya kombe ikipigwa, mdogo wako atakuwa amesimama wapi.

Kabla ya yote hayo, lakini, ningelianza na yeye. Usimuite mbele ya mama wala jamvini kwenye karafuu. Mchukue alasiri moja mkapige mpira nyinyi wawili tu, wewe kaa golini yeye apige, halafu mkishachoka mkikaa chini umwambie la cheti kwanza kabla ya jengine lolote. Muulize yeye anataka nini Jumamosi. Akinyamaza mwache anyamaze, usimjibie.

Niandikie tena baada ya hapo, hata mistari miwili. Na uniambie mdogo wako anacheza namba ngapi, mana yule kaka umenambia ni namba tisa, wewe ni golikipa, yeye hukunambia.

Ami